Wifi Yangu Anakula Samaki

Wifi yangu Bibhabati alikuwa akipima chumvi kwa pua. Anainama juu ya sufuria, anavuta mvuke, anasema "bado kidogo," anatupia chumvi kwa vidole viwili, na mchuzi unatoka sawasawa. Wageni waliokuja nyumbani kwetu Katwa waliitwa jikoni waone maajabu hayo, wakacheka na kumsifu. Mimi kila walipocheka nilitamani kuwarushia mwiko. Wifi hakutumia pua kwa sababu ya kipaji. Alitumia pua kwa sababu mdomo wake ulikuwa umepigwa marufuku.

Aliolewa na kaka yangu Shibnath akiwa binti mdogo, na homa ikamchukua Shibnath kabla binti huyo hajafikisha miaka thelathini. Wakamvunja bangili, wakamvika sari nyeupe isiyo na pindo, wakamwambia kuanzia leo hakuna samaki, hakuna nyama, hakuna yai, hakuna kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote hivyo huchemsha damu ya mjane. Sawa. Kaka yetu mkubwa Dhananjay naye alifiwa na mke wake wa kwanza. Matanga yalipokwisha alikula samaki, na mwaka haukuisha akaoa tena, akampata huyu Sulekha tuliye naye. Hakuna aliyekwenda kumpapasa kuona kama damu yake inachemka.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni kwamba hawakumtoa jikoni. Samaki asile, ila apike! Asubuhi alikuwa akiparuza magamba, akasaga haradali kwa jiwe, akapika samaki rui wa mchuzi, akapika samaki pabda, na msimu wa mvua ulipoleta ilishi, mfalme wa samaki, kutoka mtoni akampika huyo ilishi mpaka mtaa mzima ukawa unameza mate. Tukila tukashiba, yeye alikwenda kuoga, akabadili sari, akawasha jiko lake la pembeni na kuchemsha wali wake katika sufuria yake, na ndizi mbichi moja ndani yake. Mlo mmoja kwa siku. Jikoni, mlango umefungwa.

Na kaka Dhananjay kwa kusifu hajambo. Kwetu mwanamume hasemi uso kwa uso na mke wa mdogo wake, na mwanamke huyo hujifunika uso mbele yake, kwa heshima. Kwa hiyo kaka alisema na ukuta, au alisema na mimi, ambaye ndiye mdogo wao wa mwisho, Minoti, niliyekosa kuolewa na ninayeshona blauzi za watu barazani.

"Minoti, mwambie aliyeko jikoni, leo haradali imekolea."

"Amekusikia, kaka. Ukuta wenyewe ni wa tofali moja."

"Mwambie hivyo hivyo."

Siku moja ya mvua alimaliza kipande cha tatu cha ilishi, akachokonoa meno, akaniambia nimwambie aliyeko jikoni kwamba samaki wa siku hizi amepoteza ladha, pengine anayempika hampiki kwa mapenzi. Sikuwahi kufikisha ujumbe. Kikaango kilitoka dirishani na mafuta yake ya moto, kikatua uani, paka akaokoka kwa kudra tu.

Sulekha ndiye aliyepata dawa. Alisema kichwa cha mjane kimepata joto, na joto la namna hiyo halitulizwi ila kwa ziara ya mahali patakatifu. Aende Labhpur akamwinamie Mama, mungu wetu wa kike, kwenye hekalu lake, arudi amepoa. Kwetu unaweza kumzuia mwanamke asiende sokoni, asiende harusini, asiende hata kwa mama yake mzazi, lakini akisema anakwenda kwa Mungu unasogea apite. Kaka akakubali, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza, kwa kuwa cherehani haina mtoto wa kulia ikiachwa.

Tulipanda ile treni ndogo ya Katwa kwenda Ahmadpur, ile ya reli nyembamba na injini ya makaa. Aliyewahi kuipanda anajua. Watu walikuwa wakitania kwamba ukishuka ukanunua tumbaku na kujadiliana bei, utaikuta mbele ukitembea kawaida. Nyati wa kufugwa akilala relini, dereva anateremka kumwomba. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Basi treni ile ilikuwa na baraka za kugawia wilaya nzima. Mimi nilianza kununa kabla hatujaliacha daraja la kwanza. Wifi alikaa dirishani na kichwa chake kimefunikwa, anatazama mashamba ya mpunga yanavyopita polepole.

Akapanda muuza bisi za mchele, kopo shingoni, anapiga kelele: "Kali! Tamu! Ukila unamsahau mkweo!" Nikaagiza za watu wawili. Akatia bisi, akatia mafuta ya haradali, pilipili, vipande vya nazi, dengu, akanyakua kitunguu. Jicho lake likaangukia ile sari nyeupe, na mkono ukarudi nyuma.

"Za mama hazina kitunguu," akasema kwa adabu.

"Nani kakwambia?" Ilikuwa sauti ya wifi. Nilidhani nimesikia vibaya, maana hakuwa na desturi ya kusema na wanaume asiowajua.

"Si ninaona, mama... sari..."

"Anayekula ni sari au ni mimi?"

Muuza bisi akanitazama mimi, kana kwamba nina ufunguo wa huyu mtu. Nikainua mabega.

"Weka kitunguu," wifi akasema. "Cha kwangu na cha huyu pia. Na pilipili usinibanie."

Alikula kwa vidole vyake akitafuna polepole. Macho yakamtoka machozi. Akasema ni pilipili, mimi nikasema naam, ni pilipili, na wote wawili tulikuwa waongo. Alipomaliza aliikung'uta karatasi mdomoni kama mtoto, kisha akaanza kuzungumza. Huyu mtu ambaye nyumbani husema "bado kidogo" na "chakula tayari" alizungumza vituo vitano mfululizo. Alimzungumzia Shibnath, ambaye jina lake halikuwa limetoka kinywani mwake tangu matanga. Alisema Shibnath alikuwa akikoroma kwa mdundo, ukimgeuza anabadili mdundo. Akacheka! Mzee aliyekuwa akisinzia mbele yetu akazinduka na kumtazama kwa lawama, mjane gani anacheka kwenye treni, na wifi akamkazia macho mpaka mzee akageukia dirisha.

"Minoti," akaniambia, "nyumbani nina hasira mpaka usiku meno yananiuma. Hapa inapungua. Sijui ni kwa nini."

"Ni upepo."

"Labda. Au ni kwamba hakuna anayeningoja nimpakulie."

Hekaluni hakukawia. Aliinama, akaweka maua, akanong'ona na Mama kwa muda mfupi tu. Nilipomuuliza ameomba nini, alisema hakuomba, ameshitaki.

Tukarudi nyumbani, na kweli akapoa, kikaango kikakaa mahali pake. Sulekha akajipongeza. Kwa hiyo wifi aliposema mwezi uliofuata kwamba kichwa kinaanza tena, waliharakisha wenyewe kutufungia mizigo. Ndivyo tulivyoanza. Kila baada ya miezi miwili hivi, treni ya Ahmadpur, na kila mara tulikwenda polepole kuliko mara iliyotangulia, kwa maana wifi alianza kushuka njiani. Alishuka Kirnahar kwa kuwa alisikia harufu ya kukaanga ikiingia dirishani. Tulikaa hapo mpaka treni ya jioni, tunakula bilinganya za moto kwenye jani. Majira ya baridi alishuka kwenye kituo kisicho hata na paa kwa sababu aliona mtu anateremka mtende na chungu cha utomvu, akanywa vikombe viwili na kumwomba yule mtu amwonyeshe sukari inavyopikwa. Akaketi kando ya moto wa mwenyewe, akikoroga sukari ya watu wasiomjua, uso wake mwekundu, wazi, bila ushungi. Miaka yote niliyokaa naye nyumba moja, kumbe sikuwa nimewahi kumwona akiwa na furaha, na jambo hilo lilinikasirisha vibaya mno, kwa sababu furaha yenyewe haikuwa ngumu. Ilitaka moto, mwiko na mtu wa kumwambia karibu ukae.

Siku ya samaki ilikuja Ahmadpur, mwisho wa reli, tulikopitiliza kutoka Labhpur, kwenye hoteli ya wali iliyo mkabala na kituo. Mwenye hoteli aliitwa Nitai Ghorui, tumbo limetangulia, kitambaa begani. Alimwona wifi na sari yake, akamtandikia jani la mgomba pembeni mbali na wengine, akampakulia wali, dengu na mboga za majani. Ilikuwa heshima, sikatai.

"Lete samaki," wifi akasema.

"Wa huyu dada?"

"Wa kwangu."

Nitai akainama, akashusha sauti. "Mama, si wewe ni mjane?"

"Najua. Nilikuwepo alipokufa."

"Wateja watanikimbia, mama. Hapa wanakula watu wa heshima."

"Waache wakimbie. Treni yenyewe haikimbii, watafika wapi?"

Wawili watatu wakacheka. Lakini mmoja, mtu wa makamo mwenye miwani, alisukuma jani lake mbele. "Dunia imekwisha," akasema kwa wote. "Mjane anaagiza samaki hadharani!"

Wifi akamgeukia. "Kaka, mkeo akifa utaacha samaki?"

"Mke wangu ni mzima!"

"Mungu amweke. Mimi nimeuliza akifa."

Yule bwana akafungua mdomo, akaufunga, akalivuta jani lake akaendelea kula. Na Nitai, ambaye naona alitaka tu jambo hilo liishe kabla ya treni inayofuata, akaleta kipande cha rui. Alileta mkia. Miiba mitupu.

Wifi akauinamia mkia ule. Akachambua mwiba, akachambua wa pili, akachukua nyama kiasi cha ukucha akaitia mdomoni. Nikangoja. Akatafuna, akameza.

"Chumvi imezidi," akasema, na hapo akalia, kilio cha mabega. Alilia na anakula, anakula na analia, hakubakiza hata ngozi. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonizuia hata kumeza wali wangu. Nilimkasirikia marehemu mama yangu aliyemvunja bangili, nilimkasirikia Dhananjay, nilimkasirikia hata Shibnath kwa kufa kama mtu asiye na mke. Zaidi ya wote niliukasirikia ule mkia uliopikwa ovyo, ambao kwa mpishi bora wa Katwa ndio uliokuwa karamu.

Baada ya hapo hatukurudi nyuma. Tulikula samaki koi Kirnahar, tulikula dagaa wa mtoni, tulikula mayai ya ilishi yaliyokaangwa. Wifi akanenepa kidogo. Alianza kuimba kwa kuguna akiparuza magamba, na kaka akaniambia nimwambie aliyeko jikoni kwamba ziara zimemfaa, chakula kimerudi utamu wake. Nilifikisha ujumbe nikiwa nimeuma shavu kwa ndani.

Aliyetuchoma ni shangazi Khantomoni, bibi wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro. Mtaa mzima ulimwita shangazi. Aliolewa mtoto, akafiwa ana miaka tisa. Huyo mume hata sura yake hakuijua, ndoa yake yenyewe aliijua kwa kusimuliwa. Tangu hapo sari nyeupe, nywele zimenyolewa, mlo mmoja. Alikwenda Labhpur kwa sikukuu ya Mama, na kwa msongamano treni ikampitiliza mpaka Ahmadpur, akachungulia hotelini kwa Nitai akaona alichokiona. Akaja na fimbo yake mpaka barazani kwetu, akamwambia kaka kila kitu mbele ya cherehani yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Angekuwa yule bwana wa miwani ningeelewa. Lakini mjane kumchoma mjane!

"Shangazi," nikamwambia bibi, kaka alipokwisha kuingia ndani amevimba, "wewe imekuuma nini?"

"Desturi ni desturi. Mimi nimeishika miaka sitini."

"Nani alikuzuia kuiachia?"

"Mtoto mjinga we. Nilililia samaki siku saba, baba akanichapa mpaka nikanyamaza. Nikajifunza." Kidevu chake kilikuwa kinacheza. "Yeye ni nani asijifunze?"

Asubuhi iliyofuata kaka alituita uani. Alikuwa ameoga, ameshika chombo cha shaba chenye maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, na majani ya mrehani mtakatifu juu yake. Kwetu ukiapa uongo umeshika hivyo vitatu, umejilaani wewe na waliokuzaa. Sulekha alisimama mlangoni. Wifi alisimama kando ya kisima, uso umefunikwa.

"Minoti," kaka akasema, na wifi yuko hatua chache tu kutoka alipo, "mwambie ashike shaba aape kwamba hajala samaki. Akiapa, shangazi Khanto ni mzee, macho yake mabovu, yamekwisha. Asipoapa atakwenda Kashi, mji mtakatifu wa mbali, kwenye nyumba ya wajane, akafie huko. Hakuna treni tena, hakuna ziara, na hapa harudi."

Nilimjua wifi yangu. Kashi kwenye ile nyumba ilikuwa kifo kabla ya kifo: wajane sakafuni, kuimba sifa za Mungu kwa konzi ya mchele. Nikamwomba kwa macho aape. Naye kaka akanisogelea, akaninong'oneza, huyu mwana wa kuhani anayetufundisha usafi kila alfajiri: "Mwambie aape tu. Maji ni maji."

Damu ilinipanda kichwani. Maji ni maji! Kwa aibu yake mbele ya jirani alikuwa radhi kuiuza Ganga yenyewe. Lakini kwa kipande cha samaki angemtupa mtu.

Kabla sijasema neno, wifi aliondoa ushungi. Kaka akageuza uso upesi kama aliyemwagiwa maji.

"Shemeji, niko hapa," akasema. "Usimsumbue Minoti. Nimekula. Nimekula mkia wa rui Ahmadpur, chumvi imezidi. Nimekula koi Kirnahar, mtamu kweli, ila tangawizi ilizidi kidogo. Nimekula mayai ya ilishi. Na vitunguu sikumbuki idadi."

"Nyamaza!" kaka akapiga kelele.

"Kaka," nikasema, "umeongea naye."

Akatetemeka kwa ghadhabu. Na ghadhabu hiyo ndiyo iliyompoteza, kwa maana alitafuta adhabu iliyo karibu, ya papo hapo, akaishika ile iliyompita mbele. Akatangaza kwamba mkono wa mwanamke yule ni najisi. Mpaka apatikane wa kumpeleka Kashi, asiguse chungu, asiguse jiko, asiguse hata jiwe la kusagia. Chochote atakachokigusa hakiliwi na mtu wa nyumba hii.

Wifi akafungua fundo la sari yake, akatoa funguo za stoo, akamkabidhi Sulekha. Akanawa mikono kisimani taratibu, mpaka viwiko. Akaja barazani akaketi karibu na cherehani yangu, akaniuliza vifungo viko wapi.

Sulekha alilelewa nyumba yenye wapishi. Siku ya kwanza haradali ilikuwa chungu, siku ya pili samaki alikuwa mweusi nje na damu ndani. Kaka alikula kimya kwa kuwa neno lake lilikuwa limekwisha kutoka. Siku ya tatu akasema tumbo lake haliko sawa. Wiki zikapita, akawa anarudi kazini amenuna, anagombana na mpiga pasi, anagombana na kunguru. Safari ya Kashi haikutajwa tena, kila aliyeombwa kusindikiza alikuwa na udhuru, na wifi alikuwa hodari wa vifungo. Mimi nilikuwa nikila ule mkaa wa Sulekha kwa furaha. Nilijilamba vidole mbele ya kaka makusudi.

Zikaja mvua za ilishi. Jioni moja kaka akaingia uani amelowa, mkononi amening'iniza ilishi kwa kamba, mpana, anang'aa. Akasimama naye hajui ampe nani. Akatazama jikoni alikosimama Sulekha na masizi usoni. Akatazama nguzo ya baraza.

"Minoti, mwambie aliyeko barazani, nyumba imemsamehe."

Wifi akakata uzi kwa meno. "Mwambie sikuomba msamaha."

Kaka akameza mate. "Mwambie apike."

"Mwambie nitapika nikila ninachopika."

Mvua ilikuwa ikimnyeshea, yule samaki anapigapiga kwenye goti lake. Nilidhani atamtupa kisimani. Mwishowe akasema, na sauti yake imepungua mpaka nusu: "Ale basi. Lakini jikoni, mlango ufungwe, na jirani asijue."

Wifi akanyanyuka, akampokea samaki, akaingia jikoni. Nilitaka kulia kwa hasira. Baada ya yote yale, amekubali kufichwa!

Akapika. Mvua ikakatika. Harufu ikatoka nje ikapita kichochoroni, na watu wakachungulia kama zamani. Alimpakulia kaka, akampakulia Sulekha, akanipakulia mimi. Kisha akachukua sahani ya shaba nyeupe, akaweka wali, akaweka kipande cha tumbo chenye mafuta na mayai juu yake. Akapita nayo mbele ya kaka, akapita mlangoni, akaketi sakafuni barazani, uso umeelekea kichochoro, kichwa wazi, katika ile sari nyeupe. Akaanza kula.

Mwendesha riksho akasimamisha pedali. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na maji wakaweka ndoo chini.

"Ingia ndani!" kaka alikuwa mlangoni, mkono umejaa wali. "Watu wanaona!"

"Waone, shemeji."

"Nilisema mlango ufungwe!"

"Nyuma ya mlango nimekula ndizi mbichi miaka yote hiyo. Nimeshiba mlango."

Nikasukuma cherehani, nikachukua sahani yangu, nikaketi ubavuni mwake.

Hapo mlango wa ng'ambo ukafunguka. Fimbo ikatangulia, kisha shangazi Khantomoni. Akavuka kichochoro akiruka madimbwi kwa shida. Mimi nilikuwa na matusi tayari mdomoni, ya kumtosha mpaka Kashi na kurudi. Akafika kwenye ngazi yetu akasimama, anahema, macho kwenye sahani ya wifi. Hakumtazama kaka.

"Ana ladha gani?" akauliza.

Akaielekeza fimbo kwenye sahani.

"Nauliza. Nakumbuka nilichapwa. Nakumbuka fimbo ilikuwa ya mwanzi. Ladha siikumbuki."

Wifi yangu, aliyekuwa na jibu la kila mtu kuanzia Katwa mpaka Ahmadpur, akainamia sahani. Akachambua miiba ya ilishi, mwembamba mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu mkubwa, akaichanganya nyama na wali, akafinya tonge dogo, akalinyoosha.

Bibi akatazama huku na huku kichochoroni, akamtazama mwendesha riksho, akawatazama wale wanawake. Kisha akafungua kinywa, hakina jino, na wifi akamlisha. Alitafuna muda mrefu sana. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Kumbe ni samaki tu," akasema.

Akasimama vile vile. Uso ukaanza kumbadilika, na alichokuwa nacho hakikuwa machozi. Aliipiga ngazi yetu kwa fimbo yake.

"Samaki tu! Dhananjay! Miaka sitini, ni kwa ajili ya hiki?"

Kaka yangu alikuwa na wali unaomdondoka vidoleni. Alinitafuta kwa macho, nimjibie.

Wifi akafinya tonge la pili.